Shamba la babu la michikichi limekuwa pori, nianzie wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja mzaliwa wa Kigoma Vijijini, kazi yake iko Dar. Kwa kifupi anasema hivi: babu yake alipanda michikichi kwenye eka kama 11, sehemu iko bondeni karibu na kijito na sehemu inapanda kilima, baba yake akaendeleza mpaka alipofariki, na sasa shamba ni pori tupu. Miti imekuwa mirefu mpaka wakwezi wengine wanakataa kupanda, baba mdogo anaikodisha miti mingine kwa watu kila msimu, kuna jirani analima mahindi upande mmoja tangu enzi za babu, na shangazi zake wawili wanasema na wao wana haki mle. Yeye ana akiba kidogo, anataka akate yote apande Tenera, ile michikichi chotara ya kisasa. Anauliza aanzie wapi na kama inabidi aache kazi arudi nyumbani.

Dada, nimefurahi sana kuona mtoto wa Kigoma anakaa Dar na bado analiwaza shamba la babu yake, kwa sababu nimeona mashamba mengi ya hivi yakiishia kuuzwa kipande kipande mpaka ukoo unabaki na makaburi tu. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu na usinichoke.

La kwanza kabisa, hiyo akiba yako usiipeleke kwenye chenso. Ukikata yote kwa mpigo utakaa miaka mitatu minne huna hata dumu moja la mawese, maana Tenera hata ikitunzwa vizuri inaanza kutoa mikungu ya maana mwaka wa tatu au wa nne na inafika kwenye uzao wake kamili miaka kadhaa baada ya hapo, na katikati ya muda huo kuna palizi, kuna walinzi, kuna moto wa kiangazi, na akiba ya mshahara haivumilii yote hayo. Shamba la zamani linatakiwa lijilipie lenyewe ukarabati wake. Hiyo miti mizee unayoiona haina maana ndiyo itakayonunua miche, ukiitumia kwa akili.

Ila kabla hata ya miti kuna watu. Najua hili ndilo hutaki kulisikia, lakini mchikichi unakaa miaka 25 mpaka 30 ukizaa kibiashara, huwezi kupanda kitu cha miaka 30 kwenye ardhi ambayo leo hujui ni ya nani. Jiulize, shamba liko kwa jina la nani? Kama babu hakuwahi kumgawia baba yako kwa mashahidi, basi hiyo bado ni mali ya marehemu babu, na shangazi zako ni watoto wake sawasawa na baba yako. Hapo watu wa kwetu huwa wanasema mila hairuhusu mwanamke kurithi ardhi ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili, na wewe mwenyewe ni mwanamke unataka kulisimamia shamba hilo hilo, kwa hiyo usije ukaitumia mila kuwaondoa shangazi halafu kesho ikatumika kukuondoa wewe. Wakalishe, tena uwafuate wewe kwao, usiwaite.

Kikao cha ukoo kiandikwe muhtasari, wote wasaini, na mmependekeza nani awe msimamizi wa mirathi. Mnaupeleka huo muhtasari pamoja na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo, mahakama inatoa tangazo, asipojitokeza mpingaji msimamizi anateuliwa. Watu wengi wakishapata ile barua wanaiweka kabatini wakidhani wamemaliza. Hapana. Msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne arudishe mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu, na halafu hesabu ya ugawaji. Mirathi nyingi zinazofufuka kwa ugomvi ni zile ambazo hazikufungwa. Na kugawa sio lazima mkatekate eka 11 vipande vya eka moja moja, mnaweza kukubaliana shamba libaki moja kwa majina yenu wote na mapato yagawanywe kwa asilimia mliyoiandika. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kutolewa kwa familia, sio lazima kwa mtu mmoja, na mnaiombea kwenye halmashauri ya kijiji. Ulizia tu kama kijiji chenu kina cheti chake cha ardhi, maana kama hakina hilo litachukua muda.

Sasa huyo jirani wa mahindi. Hapa nenda taratibu sana. Kigoma ilihamishwa mapema, Operesheni Kigoma ilikuwa 1972, watu wakatolewa kwenye miji yao ya zamani wakapelekwa vijiji vya ujamaa na ardhi ikagawanywa upya. Wazee wakisimulia mipaka ya babu mara nyingi wanasimulia mipaka ya kabla ya hapo. Sheria hiyo hiyo ya vijiji kwenye kifungu cha 15 imeuthibitisha ugawaji uliofanyika kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, kwa hiyo kama jirani au baba yake alipewa kile kipande kwenye operesheni, ni chake, na ukimpeleka kwenye mabaraza utapoteza hela, muda na ujirani. Lakini kama ni babu yako ndiye alimkaribisha alime tu, hiyo ni habari nyingine, mahakama zetu zimeshikilia siku nyingi kwamba mtu aliyekaribishwa hageuki kuwa mwenye ardhi kwa sababu tu amekaa muda mrefu. Asiyekaribishwa na mtu ndiye mwenye kuweza kusimamia ule ukomo wa miaka 12 wa kudai ardhi. Ndio maana kabla ya kutamka neno lolote tafuta wazee wawili watatu ambao sio ndugu zako waliokuwepo, wasikilize, waandike. Na likishindikana kuongeleka nyumbani, baraza la kata tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu, kesi yenyewe inakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Baba mdogo naye usimnyang'anye miti ghafla. Yeye ndiye amebaki pale, bila yeye pengine hata huo mpaka usingekuwepo. Mwombe akuonyeshe miti gani amekodisha, kwa nani, mpaka msimu gani, alipokea kiasi gani, mwandike. Wenye kukodi wamalize msimu wao walioulipia, halafu kuanzia hapo hakuna mti unaokodishwa bila wote kujua. Mtu anayekodi kwa msimu mmoja hana sababu ya kupalilia wala kusafisha mti, anachuma anaondoka, ndio moja ya sababu shamba limefika hapo lilipofika.

Haya, tuingie shambani.

Msimu wa kwanza usipande kitu na usikate mti mzima. Fyeka. Fyeka njia za kupita, fyeka duara kuzunguka kila shina kama mita moja na nusu, ondoa mimea iliyopanda juu ya shina, hasa ile inayotambaa na kukumbatia mti mpaka unakauka. Kata majani makavu yanayoning'inia, ila wasije wakakunyolea mti ukabaki na ufagio juu, vijana wengi wakiambiwa safisha wanakata mpaka majani mabichi. Mchikichi mkubwa unahitaji majani kama 32 mpaka 40 ya kijani ndio ulishe mikungu, na chini ya mkungu wa mwisho bakiza angalau majani mawili. Waambie pia wapige kelele na waangalie kwanza kabla hawajaingiza mkono kwenye makuti, nyoka wanapenda sana humo. Makuti yaliyokatwa usichome, yapange kwenye mstari mmoja ukiacha mmoja, kule kilimani yapange kukingama mteremko yazuie udongo kushuka.

Ukishasafisha, kila mti upige namba kwa rangi. Kisha mtu mmoja mwaminifu awe na daftari, mti namba fulani umetoa mikungu mingapi, tarehe fulani. Hii ndiyo kazi ya bei rahisi kuliko zote na ndiyo itakayokuokolea hela nyingi, kwa sababu bila daftari utakata mti mzuri na kuacha mbovu, mchikichi hauonyeshi uzao wake kwa kuuangalia urefu.

Hapa niseme jambo ambalo watu wa kwetu wengi wanalikosea. Utaambiwa mti fulani ni dume, ukate. Mchikichi mmoja unatoa maua ya kiume na ya kike, ila kwa zamu, muda huu unatoa ya kiume, muda mwingine ya kike. Ukiwa na shida, yaani ukame, njaa ya udongo, kivuli, au umenyolewa majani, unatoa maua ya kiume kwa wingi na mikungu inapotea. Na uamuzi huo wa ua kuwa la kiume au la kike unafanyika ndani ya mti kama miaka miwili kabla mkungu haujaiva. Kwa hiyo kufyeka kwako kwa mwaka huu kunalipa vizuri baada ya miaka miwili, sio baada ya miezi miwili, na hao wanaoitwa madume wengi ni miti yenye njaa tu. Wape nafasi. Tena hayo maua ya kiume yana kazi, ndimo wanamozaliana wale wadudu wadogo wanaobeba chavua kwenda kwenye maua ya kike, usipulizie dawa ya wadudu shamba zima hovyo.

Kuhusu njaa ya udongo: mchikichi unakula potasiamu kuliko kitu kingine, na kila mkungu unaotoka shambani umebeba potasiamu yako. Ukikamulia kwa mwenye mashine omba mabaki ya mikungu yako urudi nayo, yatandaze kwenye duara la mti au uyachome upate majivu, ingawa kutandaza ni bora maana udongo unapata na mbolea ya kuoza. Ukiona majani ya zamani yanageuka rangi ya chungwa upande unaopigwa na jua na upande wenye kivuli umebaki kijani, hiyo ni magnesiamu imepungua. Ukiweza peleka udongo ukapimwe kabla ya kununua mfuko wa mbolea, usinunue kwa kuambiwa na mwenye duka.

Wakati huo huo mafuta yako yaanze kuingiza hela nzuri kuliko ya mwanzo, na hapo hakuna gharama mpya, ni kubadili tabia tu. Sisi tuna mazoea ya kulundika chikichi siku nyingi zilainike zipukutike kirahisi. Zikikaa hivyo, hasa zikiwa zimepondeka, asidi inapanda na mafuta yanapoteza ubora, mnunuzi anayejua anakushusha bei. Chuma zilizoiva, yaani umeona chache zimeanza kudondoka zenyewe, na jitahidi zikamuliwe ndani ya siku moja au mbili. Na mise, yaani punje za ndani ya kokwa, usiwaachie watu bure, za michikichi ya zamani ni kubwa, zinatoa mafuta yake ya peke yake na soko la watengeneza sabuni lipo.

Sasa Tenera. Ni kweli inazidi, na sababu ni hii. Michikichi yetu ya kienyeji mingi ni Dura, ukikata tunda lake kwa kisu unakuta gamba nene la milimita 2 mpaka 8 na nyama kidogo. Kuna nyingine isiyo na gamba inaitwa Pisifera, hiyo mara nyingi haizai mikungu ya kuiva. Ukiichavusha Dura kwa Pisifera unapata Tenera, gamba jembamba lenye duara la nyuzi nyeusi kulizunguka, na nyama nyingi ya mafuta. Siri hiyo waliifumbua watafiti Beirnaert na Vanderweyen huko Yangambi, Kongo, wakaichapisha 1941, na dunia nzima inapanda michikichi kwa msingi huo mpaka leo. Maana yake kwako ni moja: ukiokota mbegu chini ya mti wa Tenera wa jirani ukaotesha, hupati Tenera zote. Robo itarudi Dura, robo itakuwa Pisifera za kukulia mbolea bure, nusu tu ndio Tenera, na hiyo ni kama hata baba wa mbegu alikuwa Tenera, maana kwenye mashamba yetu baba anaweza kuwa Dura yoyote ya bonde zima. Utakuja kujua mwaka wa nne, umeshapoteza palizi yote hiyo. Inauma sana kumwona mtu kapanda eka tano za miche ya kuokota.

Kwa hiyo miche chukua sehemu inayojulikana. Kituo cha Kihinga cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kiko hapo hapo Kigoma na kazi yake kubwa ni chikichi, tangu Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alipoanza kulisukuma hili zao 2018 mbegu za Tenera zimekuwa zikizalishwa pale, na halmashauri, JKT Bulombora na Gereza la Kwitanga nao waliingizwa kwenye kuotesha miche. Nenda halmashauri uulize mwaka huu miche iko wapi, omba uandikishwe mapema, dai risiti inayotaja mbegu imetoka wapi. Mche wa kupanda uwe umefikisha mwaka kitaluni, umenenepa shingo, majani yamefunguka kama kuti dogo. Ule uliorefuka mwembamba kama nyasi, au ambao majani hayajachanika kabisa wakati wenzake wamechanika, acha hapo hapo hata ukipewa bure.

Gawa shamba sehemu nne. Anza na eka tatu ambazo daftari limeonyesha ndizo mbovu, zilizobaki ziendelee kukulisha. Angalia vizuri bondeni, ndiko mchikichi unapopenda kwa sababu Kigoma tuna kiangazi cha miezi minne mitano na mvua zetu ni chache kuliko mchikichi unavyotaka, lakini Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Pima hizo mita 60 kabla ya kuchimba shimo hata moja. Miti ya babu iliyomo humo usiikate, inashika kingo, ila mipya usiiongeze, na muulize afisa mazingira wa wilaya kuhusu uvunaji wake.

Kiangazi ndio unaangusha miti ya hizo eka tatu, angalau nusu yake, iliyobaki uimalize ndani ya miaka miwili ili mipya isirefuke kwa kutafuta jua. Na tafadhali sana, magogo usiyaache mazima. Kuna yule mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe, watu wa Pwani wanamjua kwa kuharibu minazi, wanamwita chonga, anataga kwenye shina linalooza, halafu wakubwa wanatoka wanatoboa moyo wa mche wako mpya. Ukiona majani yamekatika kama herufi V ameshapita. Magogo yakatwe vipande vyembamba yakauke haraka, au yapasuliwe na kupandiwa mkunde unaotambaa yafunikwe kabisa.

Nafasi ni mita 9 kwa 9 kwa mtindo wa pembetatu, hapo unapata miti kama 58 kwa eka, 143 kwa hekta. Usibane, mtu anaona nafasi kubwa anaongeza mti wa katikati, mwaka wa nane yote inagombania jua. Shimo la sentimita 60 kila upande, mbali na kisiki cha zamani, udongo wa juu weka pembeni uchanganye na debe la samadi iliyooza urudishe. Panda mvua zikishashika, Novemba au Desemba, ili mche upate mvua zote mpaka Aprili. Kila mche uvishe duara la wavu wa waya, panya na ndezi wanamaliza shamba kwa usiku chache. Katikati ya mistari panda maharage au karanga miaka mitatu ya mwanzo, hayo ndiyo yatalipa palizi, mahindi sawa ila mbali na duara la mche, muhogo mimi siushauri mle maana unagombania chakula na mche na ukiung'oa unakata mizizi. Na Mei mvua zikikatika tu, fyeka barabara ya moto kuzunguka shamba zima, pana, usiseme jirani hachomi.

Mwaka unaofuata eka nyingine tatu, hivyo hivyo mpaka ziishe, na michache ile bora kabisa ya babu ambayo daftari limeisifia iache isimame.

Kuacha kazi? Usiache, angalau sio miaka minne hii ya mwanzo, mshahara wako ndio bima ya shamba kwenye kiangazi kibaya. Ila huwezi kuliendesha kwa simu peke yake. Panga likizo yako iangukie Novemba au Desemba wakati wa kupanda, na uje tena kwenye msimu wa mikungu mingi uone mwenyewe inapimwa. Kama baba mdogo bado ana nguvu mpe yeye usimamizi kwa makubaliano ya maandishi, asilimia ya mafuta na sio mshahara wa ahadi tu, na daftari lishikwe na mtu mwingine, binti wa shangazi kwa mfano, ili kila upande wa familia uwe na jicho mle ndani. Ukishapata muhtasari wa kikao na orodha ya miti kwa namba, niandikie tena tuchague pamoja hizo eka tatu za kuanzia.